Uzi wa Ndani ya Kola

Wateja walimwita Mama Dobi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshalala usingizi. Ukimwita nalo ilibidi uliite mara mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mikono imechujuka kwa sabuni mpaka viwikoni, na mdomo usio na breki. Ukimpelekea shati lenye doa, doa litatoka, lakini kwanza utaulizwa umelitoa wapi, na ukidanganya atakuambia hapo hapo unadanganya. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, aliyemwachia makarai manne, kamba tatu za kuanikia na wateja kumi na mmoja. Mtoto hakumwachia.

Upande wa pasi ulikuwa wa mwenzake. Wanawake hawa wawili walikuwa na jina moja, kwa hiyo hawakuitana majina, waliitana somo kama wanavyoitana watu wa jina moja, na mtaa nao ukazoea: huyu Mama Dobi, yule Somo. Somo alikuwa mrefu, mkimya, mkono wake mwepesi kwenye ile pasi ya mkaa utadhani anapapasa mtoto. Miaka ishirini na mitatu walifanya kazi chumba kimoja, mmoja mlangoni na makarai yake, mwingine ndani na meza yake, na waligombana kila siku kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Somo alisali Ijumaa. Mama Dobi alisali Jumapili. Katika mji ule ndivyo watu walivyogawanywa, wa Ijumaa na wa Jumapili, na nasema walivyogawanywa kwa sababu ukiwatazama usoni hukuwa na pa kuanzia. Lugha moja, rangi moja, njaa moja. Majina yenyewe yalishachanganyika kama unga na chumvi: watu walioana, mtoto wa Jumapili akapewa jina la mkunga wa Ijumaa, na kinyume chake. Hao somo wawili si walikuwa na jina moja, jamani?

Sasa, kila dobi ana alama zake, la sivyo nguo za watu zitampotea. Mama Dobi alishona. Ndani ya kola, pale nyuma panapogusa shingo, alipiga nukta chache za uzi, ndogo kama punje ya mchele: huyu mishono miwili iliyolala, huyu msalaba, huyu mitatu kama unyayo wa kuku. Mwanzoni alitumia uzi wowote uliokuwa kwenye sindano. Halafu wiki moja joho la mkuu wa kwaya lilikwenda kwa kiongozi wa sala ya Ijumaa, na la kiongozi likaenda kwenye kwaya, na kila mmoja akagundua saa ya ibada imefika, akavaa kilichopo. Mtaa ulicheka mwaka mzima. Wale mabwana wawili ndio waliocheka zaidi, na tangu siku hiyo walikuwa wakitaniana njiani kila mmoja akimwuliza mwenzake ameokoka au bado.

Mama Dobi hakucheka sana, maana ni yeye aliyekosea. Akatafuta dawa. Wa Ijumaa nguo zao zinatakiwa ziwe tayari Alhamisi, wa Jumapili zao Jumamosi. Basi wa Ijumaa akawapa uzi mwekundu, wa Jumapili uzi wa bluu. Somo akigeuza kola anajua hapo hapo lipi lipigwe pasi leo na lipi lingoje. Ilikuwa akili ya kazi tu, na akili nzuri, kwa miaka kumi na tisa hakuna nguo iliyopotea njia. Wenye nguo wengi hawakujua hata kama wana uzi shingoni.

Ukuta wa pili palikuwa na kinyozi, kijana mchangamfu, mtanashati, asiyekosa la kusema. Akikosa kichwa cha kunyoa alikuja kukaa kwenye benchi la Mama Dobi, akamwomba amfulie na dhambi zake maana zimekolea. Alimwita mama, na hakumwita kwa mazoea ya mdomo tu. Alimletea dawa alipougua, alimpandia juu ya paa bati lilipovuja. Mama Dobi, ambaye hakuzaa, alimpenda kijana yule waziwazi na alimkatia kipande cha kila kitu alichopika.

Mchana mmoja wa mvua, kazi imelala, kinyozi akamchokoza: yeye anajua vichwa vya watu wote kwa kuvigusa, je, mama anajua mashati? Mama Dobi akafumba macho, akatumbukiza mkono kwenye furushi, akatoa shati moja, akapekua kola, akafumbua. La dereva wa lori, akasema, wa Ijumaa. La pili, la mwalimu, wa Jumapili. La tatu, la nne, hajakosea. Kinyozi akaapa kwamba mama ni mchawi. Naye, kwa sifa zile, roho ikamvimba, akamgeuzia kola na kumweleza yote, mwekundu hawa, wa bluu hawa, punje kwa punje.

Kijana alipoondoka Somo aliinua macho kutoka kwenye pasi akasema siri ya kazi haianikwi barabarani. Mama Dobi akamjibu kinyozi ni mtoto wa nyumbani, na lile dirisha lifungwe, mvua inaingia.

Ugomvi ulianzia mbali, kama kawaida yake. Kiwanja cha maziko kilichodaiwa na pande mbili, maneno yaliyosemwa kwenye kipaza sauti na mtu ambaye watoto wake walikuwa wanasoma nchi nyingine, kisha ghala likachomwa na mlinzi yumo ndani. Asubuhi iliyofuata maduka hayakufunguliwa. Mume wa Somo alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa ng'ambo ya daraja. Mama Dobi alimwona akipita na shati lake la mistari ya kijivu, lile lenye kifungo cha chini kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, maana siku Somo anakishona mweupe ulikuwa umekwisha. Akamwambia, shemeji, leo rudi ndani. Fundi Saa akajibu kwamba ameacha saa za watu kwenye droo, na saa za watu ni amana.

"Nusu saa tu, shemeji," akasema.

Mchana ule vijana wa Jumapili waliweka magogo darajani. Sina haja ya kuwapaka mafuta wa Ijumaa, nao waliweka yao upande wa sokoni na walifanya mambo ambayo kifo cha mlinzi wa ghala hakikuwa hata robo yake. Lakini Fundi Saa njia yake ya kurudi ilikuwa daraja.

Somo alikaa siku tisa kwenye chumba cha ndani, nyuma ya mafurushi ya nguo, amevaa gauni la Mama Dobi lililomfika magotini, maana alitoka kwake mikono mitupu. Mama Dobi aliendelea kufua mlangoni kama siku zote ili mtu asishtuke. Siku ya pili kinyozi alipita, amebeba nondo. Akauliza mama yuko salama. Mama Dobi akasema yuko peke yake. Kijana akatazama pazia la chumba cha ndani muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa, akasema vizuri, mama, usitoke. Hakuna aliyeingia nyumba ile siku zote tisa, wakati za kulia na kushoto ziliingiwa.

Siku ya nne alikuja muuza maji na mkokoteni wake, mzee ambaye pande zote zilimwacha apite kwa sababu pande zote zilikuwa na kiu. Akimimina, akasimulia kwa sauti ya chini kwamba kule darajani hawaulizi jina, majina yaliwachanganya saa ya kwanza tu wakamuumiza mtu wao. Vitambulisho watu wanaviacha nyumbani. Sasa wanasema, geuza kola.

Mama Dobi alishika ukingo wa karai. Maji ya mzee yalimwagikia miguuni asiyaone. Ulimi huponza kichwa, wanasema, lakini wake uliponza vichwa vya wengine, cha kwake kiko palepale shingoni. Muuza maji akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni jua.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akachukua wembe na kuanza kufumua. Kila shati la rafuni, kila gauni, kila joho. Somo akauliza kulikoni. Mama Dobi akasema uzi huu umeanza kuchuja rangi, utaharibu nguo za watu, ni bora utoke wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimdanganya somo yake. Somo akatafuta wembe wa pili, akakaa chini kando yake, wakafumua pamoja mpaka jioni, na alipochoka akasema afadhali mikono imepata kazi, maana kichwa kinamzunguka kwa kumuwaza yule mzee na saa zake.

Kisha wakaja askari, wakubwa wakashikana mikono mbele ya watu, magogo yakaondolewa darajani na yakauzwa kuni. Somo akaenda kwake akakuta hakuna mlango, hakuna kitanda, hakuna hata sufuria. Fundi Saa hakurudi. Maiti wengi walikuwa wametupwa mtoni, na mto hauna orodha. Lakini palikuwa na maneno kwamba wapo waliokimbilia milimani, wapo waliovuka mpaka, wapo kambini wanaandikishwa. Maneno yale Somo aliyashika kwa mikono miwili.

Akarudi kwenye meza ya pasi. Suruali nyeusi ya mumewe ilikuwa imebaki kwa dobi wiki ile ya ugomvi, ndiyo nguo pekee iliyosalimika, na kila Alhamisi Somo aliinyunyizia maji na kuipiga pasi upya iwe tayari kwa Ijumaa. Mtu mwingine angesema huu ni wazimu. Mama Dobi alisimama mlangoni akitazama, sabuni imemkauka mikononi, na kila Alhamisi alijiambia leo nitasema, na kila Alhamisi alisema mkaa umepanda bei.

Mwezi wa tatu baada ya ugomvi nguo zikaanza kuja. Dobi alikuwa mmoja tu mtaani, na aliyevaa shati ambalo si lake naye hutaka litakate. Muuza samaki akaleta shati zuri kupita kipato chake. Mpiga debe akaleta suti. Mama Dobi akageuza kola kwa mazoea tu, na uzi mwekundu ukamtazama: mishono miwili iliyolala. Shati la dereva wa lori. Msalaba. La mfamasia. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, lakini hawakusema ya kuvuliwa maiti inasitiri nini. Aliziweka kando, akawaambia wenyewe sabuni haipo, waje wiki ijayo. Zikafika kumi na moja. Somo hakuziona, alikuwa anapiga pasi tu zile zinazomfikia mezani.

La kumi na mbili lilikuja Alhamisi, ndani ya furushi la kinyozi.

"Hilo la mistari lina doa pale ubavuni, mama," akasema akiketi kwenye benchi lake. "Lipe muda lilowe."

Mama Dobi hakuhitaji kugeuza kola. Aliona kifungo cha chini na uzi wake wa kijani. Aligeuza hata hivyo, akakuta mishono mitatu kama unyayo wa kuku, aliyoishona kwa mkono wake. Akauliza kama alivyomuuliza kila mteja miaka yote, kwa sababu mdomo haukujua neno lingine.

"Umelitoa wapi?"

Kinyozi alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumletea dawa.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kusoma kola. Sasa unaniuliza ya nini?" Akainama karibu. "Na yule uliyemficha pale ndani, unadhani hawakuingia kwa sababu gani? Nilisimama mlangoni kwako usiku wa siku tatu."

Kisha akasema atalifuata Jumamosi, akaenda kunyoa.

Mama Dobi alibaki na shati mkononi juu ya karai. Alijua kazi yake. Akililoweka kwa maji baridi na chumvi, doa litalegea. Akifumua uzi, akibadilisha kifungo, hadi jioni litakuwa shati kama mashati mengine, na Somo ataendelea kula, ataendelea kulala, ataendelea kusema akirudi. Hiyo nayo si huruma? Na wao wawili wataendelea kugombania dirisha mpaka wazeeke. Alilishusha mpaka mistari ya chini ikagusa maji.

Ndani, Somo akauliza, bila kuinua kichwa, kama somo yake anaonaje, kiuno cha suruali akipunguze kidogo, maana huko kambini lazima mzee atakuwa amekonda.

Mama Dobi akalitoa shati, akaingia ndani, akaliweka mezani juu ya ile suruali.

Somo aligusa kifungo kwanza. Akakizungusha kwa kidole, akakiacha. Halafu akagusa doa. Mkaa ndani ya pasi ulilia na kutulia.

"Jina lake hata mimi lilinikanganya aliponiposa," akasema. "Walimjuaje?"

"Uzi."

"Na uzi waliujuaje?"

"Mimi nilisema, somo."

"Siku ile ya mvua."

"Siku ile ya mvua."

Somo akatikisa kichwa taratibu, akionekana anahesabu siku. Mama Dobi alitaka apigwe. Alitaka ile pasi imshukie mkononi, angeshukuru.

"Na tulipokaa pale chini tukifumua," Somo akauliza, "ulikuwa umeshajua?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa miezi mitatu, kuliko lile la kwanza. La kwanza lilikuwa upumbavu, na upumbavu una msamaha wake. Akasema ndiyo, alikuwa ameshajua.

Somo aliisimamisha pasi mahali pake isiunguze kitambaa. Akalikunja shati la mistari bila kulifua, mikono ndani, kola juu, akaikunja na suruali, akavikumbatia, akatoka vilevile na gauni la kuazima mwilini. Hakugeuka na hakufunga mlango. Alhamisi ile ilikuwa ya mwisho.

Kesho yake Mama Dobi alizitoa zile kumi na moja, kavu, hazijafuliwa, akazining'iniza kwenye kamba ya mbele inayotazama barabara, kola zote zimegeuzwa nje. Watu wakapita, wakapunguza mwendo. Mama mmoja akasimama, akapekua, akakaa chini katikati ya njia. Hadi Jumamosi mashati saba yalikuwa yamechukuliwa na ndugu, na walioyaleta hakuna aliyekuja kuuliza lake. Isipokuwa mmoja. Kinyozi alifika kama alivyosema, akapita katikati ya wale watu waliosimama kwenye kamba, akauliza la mistari liko wapi.

"Mwenyewe keshalichukua," Mama Dobi akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya njia.

Kijana akageuka nyuma. Akaangalia kamba, akaangalia watu, akaondoka. Wala usidhani palitokea haki. Mama Dobi alikwenda kituoni akataja kila nguo, nani kaileta na ilikuwa ya nani, na askari akaandika mistari miwili, akamwambia uzi si ushahidi, na vidonda hivi viachwe vipone. Kinyozi ananyoa mpaka leo, ukuta uleule. Wa Jumapili wakamwita Mama Dobi msaliti na kulipiga mawe bati la paa lake. Wa Ijumaa waliochukua mashati hawakuleta mengine. Walijua ni yeye aliyetoa siri ya uzi, Somo hakuwaficha, na alikuwa na haki asiwafiche. Wateja wakarudi kuwa kumi na mmoja, kama alivyoachiwa na mumewe, na pasi akawa anapiga mwenyewe, vibaya, anaunguza kola.

Mwaka ulipogeuka, muuza maji alimletea kifurushi kutoka upande wa sokoni, ambako wa Ijumaa walikuwa wamehamia wote. Ndani lilikuwemo gauni lake, lile la siku tisa. Limefuliwa, limetiwa wanga, limepigwa pasi kwa mkono ambao angeutambua hata akiwa kipofu. Hapakuwa na barua. Aliligeuza kola. Palikuwa na uzi mwekundu, mbichi, mishono mitatu kama unyayo wa kuku, alama ya Fundi Saa.

Muuza maji akauliza kama kuna jibu la kurudisha. Mama Dobi akatikisa kichwa. Alielewa vizuri sana alichoambiwa: vaa wewe, upite nalo wewe. Analivaa kila anapokwenda darajani, na hajaufumua uzi ule.